Mawe ya Boma la Hori

Wakati wa vita vikuu vya pili, askari walikuja kijijini kwetu, upande wa Fumba, wakajenga boma kwenye ukingo wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ili mashua za adui zisipenye hadi mashambani. Mawe waliyachukua palepale topeni. Hawakuuliza ni ya nani.

Yalikuwa ya mama zetu. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la pwani na kukandamizwa kwa mawe, la sivyo maji yakijaa huyachukua. Yakishaoza kwa miezi kadhaa hupondwa, ukapatikana usumba wa kusokotea kamba. Kila mwanamke ana shimo lake na mawe yake, aliyoachiwa na mama yake. Mama yangu alishuka pwani akakuta makumbi yake yanaelea mbali huko. Adui mwenyewe hakuja. Walioibiwa ni sisi.

Vita vikaisha, miaka ya hamsini ikaingia, nikaolewa, na boma lingali pale, mbuzi wamelala juu yake. Mudiri, mkubwa wa serikali wa upande wetu, alipiga marufuku kuligusa. Mama alishaanza kuchoka na alitaka kunikabidhi shimo lake. Shimo bila mawe ni dimbwi tu. Nilikasirika, na sioni haya kusema hivyo.

Asubuhi moja maji yalipokupwa nilichukua mtaimbo nikaanza kubomoa. Wanawake wenzangu wakanifuata bila kuitwa. Kufika adhuhuri mawe yote yalikuwa yamerudi mashimoni, juu ya makumbi mapya.

Mudiri akaja na viatu vyake vinavyong'aa.

“Shikamoo, bi mkubwa,” alimwambia mama.

“Marahaba.”

“Mmevunja ngome ya serikali. Mawe yarudi leo leo.”

“Mlipoyachukua hatukukuzuieni,” mama akajibu. “Na leo hatukuzuii. Hayo hapo, kachukue.”

Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia. Hatua ya tatu tope likammeza hadi magotini, na harufu ya makumbi ya zamani yaliyoozea humo ikampanda puani. Alijaribu kung'oa mguu, ukakataa. Hakuna aliyecheka, ingawa mimi nilijiuma mdomo.

“Na adui akija je?” aliuliza kwa hasira, mkono puani.

“Akija, bwana,” nikamwambia, “atapita hapo hapo ulipo.”

Nikamnyooshea mtaimbo akaushika, tukamvuta. Hakuondoka na jiwe hata moja.