Safari Ambazo Nyanya Alimpangia Bi Novemba

Siku yangu ya tatu Ujerumani, binti yangu aliniambia jambo lililonifanya niweke kikombe mezani. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, miti imepukutika yote, majani yamelowa njiani, na saa kumi na moja jioni kiza kishaingia. Tulikuwa jikoni, karibu na lile bomba la chuma linalotoa joto ukutani, tukipanga matembezi ya juma zima. Mamake mume wa binti yangu, mkwe mwenzangu, alikuwa ametandaza ramani na kalamu za rangi. Jumatano mto na daraja, Alhamisi soko la zamani, Ijumaa kanisa kubwa lenye mnara. Mimi nikiitikia tu. Goti langu la kushoto halipendi baridi wala ngazi.

"Mama," binti yangu akanambia, "unajua jana huyu alishinda wapi? Alipanda treni peke yake mpaka kwenye ile ngome ya juu ya kilima. Akahesabu ngazi, akatafuta pahali pa wewe kukaa, akauliza choo kiko wapi. Kisha akarudi. Ndiyo maana ngome ameifuta."

Nilimtazama yule mama na miwani yake, kidole juu ya ramani, nikamwona nyanya yangu. Si kwa sura. Sura ndiyo shida yenyewe, mwenzangu, maana sura ya nyanya ilikuwa imenitoka. Sauti yake ninayo. Harufu ya moshi na tui kwenye leso yake ninayo. Uso, nikifumba macho, hauji. Na picha yake sikuwa nayo hata moja. Nilikuwa nimevuka bahari na haja moja tu: kumfikia mtu pekee niliyemjua ambaye huenda bado ana picha zake. Ngome na minara niliwaachia wenyewe. Siku moja katika juma lile niliomba iwe yangu, nao wakaiandika kwa kalamu nyekundu.

Sasa nikueleze nyanya alikuwa nani.

Tulikaa Bamburi, upande wa ndani, baina ya machimbo ya mawe na mahoteli ya ufuoni. Nyumba ya udongo na makuti, mkorosho ubavuni, na kinjia chembamba kinachoshuka mpaka baharini. Adhuhuri baruti za machimboni zilipolipuka, masufuria yalitetemeka kichanjani na nyanya akajibu "Karibu!" kana kwamba mtu amepiga hodi. Asubuhi nilifagia uwanja, nikateka maji, nikamenya mihogo. Nyanya aliikaanga kando ya kile kinjia, akawauzia wafanyakazi wa hoteli, kwa ndimu na pilipili ya kusaga. Hakuwahi kukaa darasani siku hata moja.

Hapo ndipo alipotokea Bi Novemba. Jina tulimpa sisi. Mwanamke wa Kijerumani, mrefu, hajafika miaka arubaini, aliyekuja kila mwaka mwezi huo kwa sababu kwao, alisema, huo ni wakati ambapo hata mbwa hataki kutoka nje. Siku ya kwanza alinunua muhogo, pilipili ikamtoa machozi. Kesho yake akarudi akataka pilipili zaidi. Nyanya akasema, "Huyu ana kichwa chake," na kutoka kinywani mwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Mwaka wa pili alikuja na Kiswahili cha kitabuni, daftari, na kamera shingoni. Hakutaka basi la wageni linalozunguka mjini. Alitaka kuona watu wanaishi vipi, na alitaka nyanya ampeleke.

Daftari lake lilikuwa na siku na saa, zimepigwa mistari kwa rula. Alisoma kwa sauti: siku fulani, saa kumi alasiri, kutembea mpaka mwambani.

"Saa kumi?" nyanya akauliza. "Siku hiyo ni bamvua. Saa kumi bahari imejaa mpaka kwenye minazi. Tutapita wapi, mwanangu, juu ya maji kama Petro?"

Bi Novemba alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akageuza kalamu, akafuta.

Toka siku hiyo nyanya ndiye aliyepanga. Na hapa ndipo ninapomvulia kofia hadi leo. Alikuwa na majuma matatu kichwani. Juma la padre, la siku saba, kwa sababu ya misa na siku za watu kwenda kazini. Juma la wazee wetu wa Kigiriama, la siku nne, ambalo siku yake moja, Jumwa, halilimwi shamba, na kwa hivyo watu unawakuta nyumbani. La tatu ni la bahari, bamvua ya maji mengi na maji mafu yasiyojaa sana, ambalo huhesabiwa kwa mwezi wa angani. Aliyaweka yote kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni, vijistari tu na viduara. Akaviangalia mkono kiunoni, akasema: "Kesho kutwa mwambani asubuhi. Mtondo Kongowea sokoni. Jumwa kwa dada yangu." Sikumbuki akikosea.

Tena hakumpeleka mgeni mahali bila kwenda mwenyewe siku ya kabla. Mimi na yeye, alfajiri, tuliitembea njia yote. Aliuliza maji ya kunywa yako wapi, kivuli kiko wapi, mbwa wa nani ni mkali, choo cha nani ni safi. Kongowea aliwaendea wale vijana wa mikokoteni, akawaambia, "Kesho napita hapa na mgeni. Atakayempigia mluzi, namjua mamake." Kesho yake tulipopita katikati ya magunia ya viazi na mikungu ya ndizi, wale vijana walisimama pembeni kama wako kanisani. Bi Novemba akamwambia, "Mama, hapa watu wana adabu sana." Nyanya akajibu, "Wamezaliwa nayo," wala hakucheka.

Lakini mara moja alijikwaa, na alijikwaa kama anavyojikwaa mtu wa kwetu. Alipanga nyumba nne kwa siku moja, akasahau kwamba kwetu mgeni hapiti mlango na njaa. Nyumba ya kwanza wali na mbaazi. Ya pili sima na samaki wa nazi. Ya tatu wamechinja kuku, utakataaje? Bi Novemba, kwa heshima zake, alikula kote. Nyumba ya nne alipoona sinia linakuja alijilaza mkekani, akafumba macho.

"Mbona mgeni wako hali?" mwenye nyumba akauliza, amenuna. "Chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu," nyanya akasema. "Amekula kwa watatu wasiojua kupika, sasa hana nafasi ya kwako. Mfungie achukue."

Tulirudi na mimi nimebeba birika kichwani, kama kawaida yangu katika safari zote, na kuku wa nyumba ya nne mkononi. Mwaka uliofuata nyanya alitangulia, akagawa: wewe utampa maji, wewe uji, wewe wali, wewe utamwimbia tu. Waliteta, lakini walifuata.

Miaka mitano ilikwenda hivyo. Wa sita haukufika.

Nilikuwa darasa la tano. Juma moja kabla ya Bi Novemba kuja, mimi na nyanya tulitoka alfajiri kukagua njia mpya ya kupitia mashambani hadi mtoni. Tuliporudi alasiri, hapakuwa na nyumba. Palikuwa na alama za trekta, makuti yamesagwa, na mkorosho umelala na mizizi yake juu. Ukuta wa jikoni wenye vile vijistari ulikuwa udongo mtupu. Sanduku la bati lililokuwa na kitambulisho cha nyanya, ambacho ndicho kilichokuwa na picha yake, hatukulipata.

Wahusika nitawataja. Wa kwanza ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, mwana wa nyanya wa kumzaa mwenyewe. Yeye ndiye aliyeuza kiwanja, na yeye ndiye aliyewaambia wenye trekta waje siku ile, maana alijua mamake akienda kukagua njia harudi mpaka alasiri. Wa pili ni mzee wa mtaa aliyeapa kwamba kiwanja hakina mtu, na asubuhi kabla ya kuapa alikuwa amekula mihogo ya mkopo kwa huyo huyo aliyesema hayupo. Wa tatu ni tajiri aliyenunua bila kushuka garini. Baba mdogo alipokufa walimsifu kaburini, nami nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Nyanya alikaa juu ya ule mkorosho muda mrefu. Alichosema ni hiki: "Bi Novemba atatupata wapi?" Tulikwenda kwa jamaa bara, na mvua za masika nyanya hakuzimaliza, tulimzika huko. Shule yangu ikaishia hapo.

Bi Novemba alikuja kweli. Akakuta uzio wa mabati. Alikwenda kanisani, akamwachia padre karatasi yenye anwani yake, na karatasi ile ilinifikia nikiwa msichana mkubwa. Nimehama nayo vyumba vya kupanga sijui vingapi, Kisauni, Chaani, Likoni, imeshonewa ndani ya mto wa kulalia. Kuandika niliona haya, mwandiko wangu ni wa darasa la tano. Hata binti yangu alipokwenda Ujerumani kufanya kazi ya kutunza wazee, ndipo akaandika yeye. Jibu lilikuwa fupi: Bi Novemba yu hai, mimi nije, lakini si kabla ya saa nne asubuhi.

Basi siku ya kalamu nyekundu ikafika, tukatoka mimi, binti yangu na mkwe mwenzangu. Mkwe mwenzangu alikuwa ameshaikagua njia. Alijua behewa gani linasimama karibu na lifti. Nje mvua nyembamba, mashamba meusi, kunguru. Moyo wangu ulikuwa ukienda kama cherehani. Nilijisemea, leo nitauona uso wa nyanya.

Mlango ulifunguliwa na bibi aliyekunjamana, fimbo mkononi, urefu ule ule. Alinitazama juu hadi chini.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye birika!" akasema kwa Kiswahili, akanivuta ndani.

Alikuwa ametayarisha kila kitu. Mapazia yamefungwa, mashine ya kumulika picha juu ya meza, sanduku la picha kando yake, ukuta mweupe. Picha ya kwanza ilipotokea nilishika mkono wa binti yangu. Ni kile kinjia chetu, mchanga wake mwekundu, na nyanya yuko juu yake, leso ya maua begani, anakwenda. Mgongo. Ya pili, mwambani, sketi ameikunja, kikapu mkononi. Mgongo. Kongowea, magunia, vijana wamesimama kando, na katikati mgongo wa nyanya unapasua njia. Picha baada ya picha. Katika moja nimo mimi, mdogo, birika kichwani, kisogo tu. Nyanya yuko mbele yangu.

"Na uso?" nikauliza. "Hapana hata moja ya uso?"

Bi Novemba akatikisa kichwa. "Kila siku nilimwomba ageuke. Aliniambia, nikigeuka, nani ataangalia njia?"

Nililia, sikufichi. Lakini nikilia nikaelewa kitu. Uso wake haukunitoka kwa ubaya wa kumbukumbu. Miaka yangu yote naye nilikuwa nyuma yake. Mgongo huu ndio niliomjulia: bega la kulia limeinama kidogo, kisigino kinachopiga chini kwanza, shingo iliyonyooka ya mtu ambaye ameshapita hapa jana. Ningeuona katikati ya watu elfu ningeukimbilia. Siku hizi pale palipokuwa na kinjia pana ukuta na majumba ya kupangisha. Mimi mwenyewe nikitaka kujua maji yatakupwa lini naangalia simu, na ukiniuliza leo ni Jumwa au si Jumwa, sijui. Wala sijui aliyebaki wa kumwuliza ni nani.

Picha ya mwisho ilikuwa nyumba. Nyumba nzima, makuti mapya, mkorosho, moshi unatoka jikoni. Na mlangoni amesimama baba mdogo, kijana, mkono kiunoni, ameigeukia kamera vizuri kabisa, anacheka. Katika sanduku lile zima la picha, yeye tu ndiye aliyejua kugeuka.

Binti yangu alimjua kwa masimulizi. Alikuwa amekwisha kuipiga picha ile kwa simu yake.

"Mama, huyu naweza kumfuta," akaninong'oneza. "Itabaki nyumba peke yake. Dakika moja tu."

Nikaitazama nyumba ile, na meno ya yule mtu.

"Mwache hapo hapo alipo," nikamwambia. "Wajukuu wakiniuliza nyumba ya nyanya ilikwenda wapi, nataka mahali pa kuweka kidole."