Sanduku Lililomngoja Mgeni Rasmi

Mie nimekaa kwenye vikao vya kila namna: vya arusi, vya khitma, vya kugombania mpaka wa shamba la mihogo, na kimoja cha kumdai talaka mume aliyekuwa amelala chumba cha pili. Lakini nilikuwa sijapata kuona watu wazima wanaokutana kila wiki, wamenyoa, wamejipaka manukato, wakapanda ngazi mpaka ghorofani, kuzungumza habari za sanduku moja wasilotaka kulifungua.

Nianze na mjukuu wangu, maana bila yeye ningekuwa na kazi gani mjini Chake? Yuko kidato cha nne, hapa hapa Kengeja. Mama yake kazi yake ni mwani, kwa hivyo tangu hajaota meno mtoto ni wangu. Ana kichwa. Nalisema bila ya haya, na anayeona najisifu na alete wake tuwalinganishe. Anataka kusomea dawa, awe ndiye anayezichanganya, si yule wa kukuhesabia vidonge dirishani.

Sasa, kwenye mtihani wao wa mwisho upo mtihani wa mikono. Wanapewa mrija mrefu wa kioo, unaitwa bureti, chini una kibomba kidogo. Unakizungusha kwa mkono wa kushoto, maji makali yanadondoka tone moja moja, mpaka yaliyo kwenye chupa yageuke rangi. Ukizidisha tone umekosa. Skuli yetu mrija huo haina. Siku ya mtihani wanaazima skuli nyengine, na siku hiyo hiyo mtoto ndipo anapouona. Mwaka uliopita mtoto wa jirani yangu aliushika, mkono ukamtetemeka, ukaanguka puu! Alitoka chumba cha mtihani analia, mpaka leo ukimtajia sayansi anaondoka.

Mwalimu wao wa sayansi, binti mwembamba mwenye sauti ya kuchoka, huwachorea bureti ubaoni kwa chaki. Kisha wote wananyanyua mkono wa kushoto hewani na kuzungusha vidole, kama watu wanaotafuta stesheni kwenye redio isiyokuwepo. Nilipita siku moja nikawaona dirishani, darasa zima. Nilidhani wameingiwa na kitu.

"Bibi, tunafanya mazoezi," mjukuu wangu akanambia nyumbani.

"Mazoezi ya nini? Ndio kumfunza mwali kupika kwa kumwonesha picha ya sufuria."

"Vyombo vipo, Bibi. Vipo Chake, kwenye klabu."

Ndipo nilipoipata habari ya sanduku. Klabu hiyo ni ya watu wenye nafasi zao: wenye maduka, wakubwa wa ofisi, wastaafu wasiojua wakae wapi alasiri. Kazi yao ni kuhudumia jamii. Walikuwa wamepata vyombo vya sayansi kwa ajili ya skuli yetu, mirija, chupa na mizani, sanduku zima, na Mungu awalipe kwa hilo, sina ubishi. Lakini sanduku lazima likabidhiwe. Likikabidhiwa lazima mgeni rasmi akate utepe. Na mgeni rasmi waliyemtaka yuko Unguja. Mara ya kwanza alipata safari. Mara ya pili alipata mafua. Mara ya tatu hakupata chochote, hakuja tu. Sanduku likakaa kama bibi arusi aliyekwisha pakwa hina, na bwana arusi bado hajajua kama anaoa.

Mtihani umebakisha wiki tano, ikaja barua. Wiki ile mada ya klabu ni elimu ya sayansi kwa watoto wetu. Mwalimu aje na mwanafunzi mmoja aoneshe jambo, na mzazi mmoja wa kumsindikiza. Mwalimu akamchagua mjukuu wangu. Mama yake akasema Jumatano hiyo maji ya pwani yanatoka, hawezi kuuacha mwani. Nikamwambia nenda zako, kuna mtu amekuomba? Nikatoa leso yangu mpya iliyokuwa inangoja Idi.

Tulipofika chini ya ngazi za klabu, mjukuu wangu akanishika mkono. "Bibi, nikimaliza nitawaomba watupe vyombo wiki hii. Nimeandika hapa." Alikuwa na kikaratasi kimekunjwa mara nne.

"Omba," nikamwambia. "Nami nipo."

Tukaingia. Ukumbi una mapazia mazito, joto lake kama tanuri ya mikate. Na mbele, juu ya meza yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki, sanduku lenyewe. Lina kufuli, utepe mwekundu umelizunguka, fundo juu limefungwa mfano wa waridi, na pembeni sinia lenye mkasi wa dhahabu. Kumbe kila wiki wanakaa nalo! Wanalitazama, wanakula sambusa, wanakwenda zao.

Mwenyekiti, mtu mnene wa sauti nzuri, akagonga kengele. Shehe mmoja mwanachama akafungua kwa dua, kisha akaaga, ameitwa Wete kufungisha ndoa. Baada ya hapo tukaanza kutambulishana. Kila mtu asimame, aseme yeye nani, alikuwa nani zamani, na angekuwa nani kama si fitina. Kisha Katibu akasoma yaliyosemwa wiki iliyopita, nayo yalikuwa kwamba wiki iliyopita walisoma ya wiki ya nyuma yake. Mwenyekiti akasimama tena, akawataja wote waliokwisha kujitaja, mmoja mmoja, na alipomaliza akasema, "Itifaki imezingatiwa." Nikamuuliza mwalimu kwa sauti ya chini, itifaki maana yake nini. Akasema maana yake ni kuwa mtu hana haja ya kuwataja watu.

Mjukuu wangu amekaa na kikapu chake mapajani saa nzima na ushei. Alipoitwa alibakishiwa dakika kumi.

Lakini zile dakika kumi, wallahi! Akatoa bilauri yangu ya sharubati. Akatia maji ya majivu tuliyoyachuja usiku uliopita kwa kitambaa. Akatia manjano kwa ncha ya kijiko, na maji yakawa mekundu, mekundu ya damu ya kuku. Watu wakasogeza viti. Akachukua bomba la kumpimia mtoto dawa ya kikohozi, limejaa maji ya ndimu. Tone. Tone. Anahesabu kwa mdomo bila kutoa sauti. La kumi na saba lilipoanguka, ule wekundu ukazimika, maji yote yakawa ya njano kama yalivyokuwa manjano mwanzo.

Ukumbi mzima "Aaah!"

Akawaeleza: majivu ni kitu kimoja, ndimu ni kinyume chake, na manjano ndiyo shahidi anayesema nani kashinda. Hayo ya manjano kayatoa kwangu. Nani aliyemwonesha beseni la kufulia, leso yenye doa la mchuzi ikiguswa na sabuni inageuka nyekundu, ukiikamulia ndimu inarudi? Mie. Skuli wamempa majina tu.

Wakapiga makofi. Wakaja na simu, piga picha na bilauri, piga picha bila ya bilauri, mwenye duka mmoja akapiga picha na bilauri peke yake. Mjukuu wangu akakunjua kikaratasi, akasoma: wanaomba klabu iwape vyombo wiki hii, wapate kufanya mazoezi kabla ya mtihani.

Mwenyekiti akatabasamu, hadi mafizi nikayaona.

"Mwanangu," akasema, "umetufunza jambo kubwa sana leo. Kumbe sayansi ipo jikoni! Kumbe bilauri na bomba la dawa vinatosha! Basi haraka ya nini? Kama mnaweza haya bila ya vyombo, mgeni rasmi akija si mtaweza makubwa zaidi? Tumpigie makofi matatu ya kuhesabu. Moja, mbili..."

Pa, pa, pa.

Nilimtazama mtoto wangu. Alikuwa amesimama na bomba la dawa mkononi, linadondosha ndimu sakafuni, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni akaambiwa aurudishe. Alivyofanya vizuri ndivyo alivyojinyima. Angeharibu, angemwagia mtu suruali, labda wangemwonea huruma. Mwalimu alifungua mdomo, Mwenyekiti akatazama saa.

"Muda umetutupa mkono, magharibi inakaribia," Mwenyekiti akasema. "Shehe wetu hayupo. Basi leo, kwa heshima, tumuombe Bibi yetu hapa, mkubwa wetu kwa umri, atufungie kwa dua fupi."

Mzee mmoja akajikohoza, naona hakupenda. Lakini Mwenyekiti alikwisha kutamka. Aliniona bibi kizee wa shamba na leso yake, nitasema mawili ya kheri tukashuke ngazi.

Nikainua mikono. Nao wote wakainua.

"Ewe Mola wetu," nikasema, "wabariki waja wako hawa waliotafuta vyombo kwa ajili ya watoto wasiokuwa wao."

"Amin!" Ukumbi ukatetemeka.

"Mpe afya mgeni wetu rasmi. Umponye mafua yake, umrahisishie safari zake, umkumbushe kuwa Pemba ipo."

"Amin," lakini pembeni mtu alicheka puani.

"Ewe Mola, mtoto huyu aliyesimama hapa, siku ya mtihani wake akishika mrija wa kioo kwa mara ya kwanza, mkono ukamtetemeka, ukavunjika, na kusoma kwake kote kukaishia hapo, basi usimuulize yeye. Uwaulize waliokuwa na ufunguo."

Amin haikuja. Panka la juu tu linalia krii, krii.

Sikushusha mikono. Na mtu haishushi yake kabla mwenye dua hajashusha. Tukakaa hivyo, watu wazima na viganja vyao juu, joto linatushukia, jasho linawapita masikioni. Mabega yangu ni ya mwanamke aliyebeba kuni miaka hamsini, mie ningefika isha. Yao yameshika kalamu.

"Nangoja," nikasema.

Ndipo Katibu, mtu mfupi mwenye alama ya sijida kwenye paji la uso, akasema polepole, "Amin." Na mmoja nyuma yake. Na mwengine. Mwenyekiti wa mwisho, kama aliyemeza mwiba.

Nikajipangusa uso. Wote wakajipangusa, na walikuwa na cha kupangusa.

"Bibi, dua nzuri," Mwenyekiti akaanza, "na tutaliweka katika ajenda ya wiki ijayo..."

"Mwenyekiti," Katibu akamkatiza, "mie nishaitikia. Siendi kulala na ile amin kifuani. Ufunguo ninao mimi, na wa kuulizwa ni mimi."

"Yakhe, na mgeni rasmi akija akakuta utepe umekatwa? Tutamwambia nini?"

Nilidhani sasa tumefika mwisho wa njia. Lakini watu wa itifaki hawakosi akili, inategemea tu wanaipeleka wapi. Katibu akaliinamia lile fundo, akaligusagusa.

"Hatukati," akasema. "Tunafungua. Tukishatoa vyombo tunalifunga tena."

Basi ningependa mngeliona. Mwenyekiti kwa mkono wake, kwa kucha, kisha kwa meno, analifungua lile waridi pole pole lisikunjike, na mwenye duka anamwangazia kwa simu. Mkasi wa dhahabu umelala kwenye sinia, haukuguswa. Katibu akafungua kufuli, vyombo vikatoka vimefungwa kwenye magazeti, tukavijaza kikapuni mwetu na kwenye maboksi mawili ya sambusa zilizokwisha kuliwa. Kisha wakalizungushia utepe sanduku tupu, wakalirudishia maua ya plastiki.

Mjukuu wangu alibeba mrija mmoja mkononi njia nzima hadi Kengeja, hakukubali kuutia kapuni. Anazungusha kile kibomba. Fungua, funga. Fungua, funga. Safari hii kilikuwepo.

Mrija mmoja ulivunjika wiki ya kwanza, alivunja mwanafunzi mwengine, na mwalimu akasema afadhali umevunjika sasa. Siku ya mtihani nilimngoja langoni. Akatoka anatembea, halii. Akaninyooshea mkono wa kushoto, vidole vimetanuka. "Tazama, Bibi. Hivi hivi ulivyotulia."

Mgeni rasmi alikuja baadaye, mtihani umekwisha na kidato cha nne wameshakwenda makwao. Sanduku likatangulizwa skuli kwetu, naye akaletwa na msururu wa gari. Mjukuu wangu aliitwa makusudi arudi kushika sinia la mkasi. Utepe ukakatwa, makofi ya kuhesabu, pa, pa, pa, na mgeni akasema kuanzia siku ile watoto wa Kengeja wataacha kusoma sayansi kwa chaki. Asubuhi mwalimu aliazima mirija miwili katika ile tuliyoichukua, akaiweka juu juu ndani ya sanduku ionekane. Chini yake yalikuwa magazeti.

Dua siku hiyo aliisoma shehe. Mie walinipa kiti cha nyuma kabisa, ubavuni mwa spika, ambako hata ningekuwa na neno lisingesikika.