Mkanda wa Saidi na Mikono ya Mke Wangu

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa kujisifu. Nilikuwa nimesoma sekondari, na katika miaka ile ya hamsini hapa Gisenyi waliofika huko hawakuwa wengi. Nikapewa ukarani kwenye ghala la kahawa, karibu na ziwa. Kutwa nilikaa kitini. Mchana nilikula viazi vya Bugeshi vilivyokaangwa kwa mawese, jioni nikanywa pombe ya ndizi. Kitambi kilikuja polepole, mpaka nikisimama sivioni vifungo vya suruali yangu.

Jumapili, baada ya misa, wanaume walikusanyika nyuma ya gereji alikofanya kazi Saidi, jirani yangu tangu utoto. Palikuwa na ekseli ya lori bovu, bado ina magurudumu yake, nao walishindana kuiinua. Zamani niliifikisha kifuani. Saidi aliipandisha juu ya kichwa, kiunoni amefunga mkanda mpana wa ngozi alioshonewa na fundi viatu.

Siku niliyorudi kujaribu, ekseli haikuachana na udongo.

"Karani, hii mimba ni ya miezi ngapi?" Saidi akauliza.

"Mwenye mimba ni mke wangu."

"Bon. Basi mutazaa pamoja."

Watu walicheka, nami nikacheka. Halafu Saidi akafungua mkanda wake, akanipa.

"Kaa nayo. Ufunge juu kidogo, fasi utaweza kuvuta pumuzi. Ukiweka chuma chini, ulegeze. Hii haiko nguo ya kuvaa."

Maneno yale niliyasikia vizuri. Sikuyafuata.

Muda si mrefu mke wangu Venansia akajifungua mtoto wetu wa kwanza, Kalisa. Mama mkwe wangu akamfunga umweko, ule mshipi wa kusuka ambao wanawake wa kwetu hufungwa tumboni wakishazaa. Alimfunga chini, karibu na nyonga, akaukaza kila asubuhi, na kutwa nzima haukufunguliwa. Nikaona mwili wa Venansia unarudi. Nikajiambia kwamba tumbo ni tumbo, lake na langu. Tangu siku hiyo mkanda wa Saidi niliufunga kama umweko, chini ya kitambi, asubuhi hadi jioni.

Mama mkwe alipokwisha kurudi kwake, tulifungana sisi wawili. Nilimaliza kumfunga yeye, kisha yeye akaweka goti mgongoni mwangu na kuvuta ngozi mpaka buko, chuma cha kufungia, ishike.

"Papa Kalisa, vuta tumbo ndani."

"Nimeshavuta."

"Na hii yote inabakia ni ya nani?"

Mtoto alilala kitandani, sisi tunacheka kama watoto wenyewe. Sijapata asubuhi nzuri kuliko zile.

Lakini mwili wangu ulikuwa unalalamika. Nilipata kiungulia. Kupanda ngazi za ghala kulinikata pumzi. Hata hivyo ndani ya shati nilionekana mwembamba, nikaanza kubeba magunia ambayo hayakuwa kazi yangu, ili wapagazi waone. Ndipo uvimbe ukatokea kwenye kinena, upande wa kulia, mdogo kama yai la njiwa. Nikikohoa ulitoka, nikilala ulirudi. Baadaye ukafika ukubwa wa limau. Niliusukuma ndani kwa vidole, nikaukandamiza kwa mkanda, kwa kuwa nilidhani mkanda utauzuia. Sikumwambia mtu. Nilianza kuoga nimefunga mlango.

"Leo unaogopa mi nikuone?" Venansia akauliza.

"Nina haraka."

Jumapili moja niliinua ekseli mpaka kifuani. Watu wakapiga makofi. Nikiwa bado nimeishika, nilihisi kitu kimeteleza chini ya tumbo, kikabanwa. Niliiachia ekseli, nikakaa chini. Uvimbe ulikuwa mgumu kama jiwe na haukukubali kurudi. Nikatapika chakula, kisha maji ya kijani. Tumbo lilijaa hadi buko ikashindwa kufunguka, Saidi akaukata mkanda wake mwenyewe kwa kisu.

Lori pekee lililo zima lilikuwa limekwenda Ruhengeri. Wakanilaza kwenye ingobyi, machela yetu ya kubebea wagonjwa, wakaninyanyua mabegani.

"Karani, ungeacha tumbo nyumbani, tungefika mbio," Saidi alisema. Hakukubali mtu ampokee njia nzima. Venansia alitembea kando yangu, mtoto mgongoni, amenishika mguu.

Hospitalini daktari, Mbelgiji mzee, alinibonyeza mara moja tu. "Hii ni ngiri," akasema kwa Kifaransa. "Utumbo umenaswa. Tunapasua sasa hivi." Nakumbuka harufu ya etha, na baada yake sikumbuki kitu.

Nilipozinduka, daktari alinieleza kwamba utumbo ulikuwa umeanza kuwa mweusi, ila uliponasuliwa damu ikarudi. Kama ningechelewa, angeukata, au ningekufa. Kisha akauliza habari ya alama ya mkanda kwenye ngozi yangu. Nilipomweleza, alitikisa kichwa. "Kutwa nzima umekuwa ukisukuma vitu vyote chini, pale palipo padhaifu."

Venansia alinilisha uji wa mtama, akaninawisha uso na miguu. Tumboni hakunigusa. Hata tulipokwisha kurudi nyumbani, kidonda alimwachia muuguzi. Nilimuuliza kwa nini.

"Ni hii mikono ilivuta mukanda," akasema. "Karibu ikuue."

Nami nikanyamaza. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko kitambi, kuliko ekseli. Ili kumwondolea mzigo ule, ningelazimika kusema kwamba Saidi alinionya, na kwamba uvimbe niliuona mapema nikauficha. Niliona aibu, nikamwacha aubebe. Miezi ikapita, na asubuhi zetu zikawa kimya. Alijifunga umweko peke yake, amenigeuzia mgongo.

Nilipunguza pombe na mafuta, jioni nikatembea kando ya ziwa. Kitambi kilipungua. Daktari alikuwa amenikataza kuinua chochote, hata mtoto. Siku aliponiruhusu, nilisimama mbele ya Kalisa, ambaye sasa alikuwa akitambaa, nikaogopa kuinama. Nikamwambia Venansia yote.

Akaweka chini sufuria aliyoshika.

"Donc, kumbe ulikuwa unaficha limau, na mi navuta?"

"Ndiyo."

"Uko mujinga, Papa Kalisa."

"Ndiyo."

Akapita nyuma yangu. Mikono yake ikazunguka tumbo langu, kwa uangalifu, juu ya kovu. "Vuta pumuzi," akasema. "Sasa mubebe."

Nikambeba mwanangu.

Wewe unayebeba vizito na una kitambi kama changu cha wakati ule, mkanda utumie wakati wa mzigo tu. Ufunge mahali unapoweza kuvuta pumzi hadi tumboni, na ukitua ulegeze. Tumbo hupunguzwa kwenye sahani na kwa miguu, mkanda hauwezi kazi hiyo. Ukiona uvimbe kwenye kinena, uoneshe hospitali, na kwanza umuoneshe mwenzako.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na Saidi, ambaye alivaa mkanda wenye kiraka mpaka alipoacha vyuma. Sisi sasa ni wazee. Lakini hata leo nikiinamia ndoo ya maji, kabla sijaishika, nasikia miguu ya Venansia ikitoka jikoni, na mikono yake imenizunguka.