Kibao Chenye Matundu

Fundi wa kompyuta hana salamu ndefu. Ukimpa mashine yako, kwanza huigusa tumboni kwa nyuma ya kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto. Kisha hufungua skrubu, huishika feni kwa kidole isizunguke, na kuisugua taratibu kwa brashi ya rangi. Akikuta manyoya ya blanketi humo ndani, jiandae kusemwa. "Mashine nayo inapumua, dada! Wewe ukizibwa pua utafanya kazi?" Asubuhi hiyo aliyekuwa akisemwa ni mwanamke anayechapa barua za watu, mara ya tatu mwezi huo. Alimwacha amalize, ndipo akajibu, "Nimekusikia, fundi. Ila mama yangu hainuki kitandani, na nisipomshika mkono hapati usingizi. Nachapa hapo hapo kitandani kando yake; sasa niiweke wapi?" Fundi alikaza skrubu zote bila kuinua macho, akainama chini ya meza na kutoa kibao chenye matundu, kingo zake zimelainika kwa kushikwa sana. "Kiweke juu ya godoro, hewa ipite," akasema. "Na hapa pembeni nilikata pengo nilipokuwa nikimuuguza wangu, ili mkono wa mgonjwa upate njia."