Saba Waliosema "Tumeelewa"

Nimekosa. Naanza hivyo kwa sababu nimechoka kuanza na visingizio. Kuna mzee amezikwa Kang'ata kwa ajili ya sentensi niliyoiandika mimi, kwa mikono yangu hii. Na kuna mjane wake anayeamini kwamba yeye ndiye aliyemuua. Ukweli naujua mimi, na huu ni mwaka wa pili nimenyamaza.

Mama yangu nikimwambia atalia. Mume wangu nilimwambia nusu tu. Basi wewe usiyenijua ndiye nakwambia yote.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye mradi mmoja mdogo wa kilimo, ofisi yetu ilikuwa Korogwe mjini. Mradi wenyewe ulishafungwa. Kazi yangu ilikuwa kuandika vipeperushi vya wakulima na kupima kama vinasomeka. Ndiyo, kuna kazi ya namna hiyo! Unahesabu maneno ya kila sentensi, unaondoa yale mazito, halafu unakwenda kijijini kutafuta wasomaji saba. Kila mmoja unakaa naye peke yake. Anasoma kimya, unaichukua karatasi, unamuuliza: "Sasa wewe utafanya nini?" Akijibu kinyume, yeye hana kosa, kosa ni la karatasi. Unarudi ofisini unaandika upya.

Mwalimu wa semina alirudia jambo moja mpaka tukawa tunamwigiza wakati wa chai. Usimuulize mtu kama ameelewa. Muulize atafanya nini.

Kipeperushi changu kilihusu vidonge vya kufukizia mahindi yasiliwe na dumuzi. Vidonge vile ukiviweka kwenye mahindi vinatoa hewa ya sumu. Inaua mdudu, na mtu pia inamuua. Kwa hiyo jambo kubwa kuliko yote lilikuwa hili: usilale chumba kimoja na mahindi yenye dawa hii. Maneno manane tu.

Unajua mimi niliandikaje? Naijua kichwani neno kwa neno. Niliandika hivi: "Inashauriwa kuwa shehena iliyofukizwa isihifadhiwe katika maeneo yanayotumika kwa malazi ya binadamu, isipokuwa pale ambapo taratibu za uingizaji hewa zitakuwa zimezingatiwa ipasavyo kwa mujibu wa maelekezo yaliyoainishwa hapo juu."

Maneno ishirini na tisa! Rehema, niliyekuwa nakaa naye meza moja ofisini, aliisoma akacheka. "Dada, mpaka nifike mwisho, mwanzo nimeshausahau." Nikamwambia aache uvivu wa kusoma. Ukweli ni kwamba nilikuwa najisikia. Bosi wetu alipenda Kiswahili cha kukunja uso, nami nilitaka aone kwamba nimesoma.

Hata hivyo kipimo kingeniumbua, na karatasi ingerekebishwa. Lakini siku ya kupima nilikuwa na haraka. Binti wa mama mkubwa alikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, Mombo jioni ile ile, na gauni langu lilikuwa bado kwa fundi. Jamani, gauni!

Nilifika Kang'ata, huko Handeni, kwa bodaboda, jua limeshapanda. Wale saba walikuwa wananisubiri barazani kwa mama mmoja ambaye hapa nitamwita Bi Mwantumu. Alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, na kitongoji kizima kilimtegemea. Barua ya shule, pakiti ya dawa, ujumbe wa simu, vyote vilipelekwa kwake. Mumewe, Mzee Mhina, alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda na fimbo yake.

"Huyu ndiye macho yetu hapa," aliniambia akimwonyesha mkewe. "Karatasi ikitushinda, inaletwa kwake."

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Leta tuione."

Nilipaswa kuwachukua mmoja mmoja. Nikapiga hesabu ya muda, saba mara nusu saa, nikaona sendofu itanipita. Nikasema basi, mama asome kwa sauti wote tusikie.

Akasoma. Wallahi alisoma vizuri! Alisimama wima, karatasi kaishika kwa mikono miwili, akayapita yale maneno yangu yote ishirini na tisa bila kujikwaa hata mara moja. Alipomaliza wenzake wakampigia makofi. Mzee Mhina akagonga fimbo chini kwa furaha.

Nikauliza, "Mmeelewa?"

"Tumeelewa!" wakajibu wote.

"Kuna swali?"

"Hakuna, mwanangu. Tumeelewa."

Sasa ndiyo unisikilize vizuri, maana dhambi yenyewe iko hapa. Mimi ni Mzigua, nimezaliwa huko huko Handeni. Kwetu mgeni aliyetoka mbali na karatasi yake haambiwi kwamba karatasi yake ngumu. Ni kumvunjia heshima. Anaitikiwa, anapewa ugali na kisamvu, anasindikizwa, halafu watu wanabaki wanaulizana. Nimeona mikutano ya kijiji tangu nikiwa mdogo, mtendaji anauliza "Tumeelewana?" na wote wanaitikia ndiyo, akiwemo baba yangu ambaye njiani alituuliza sisi watoto kilichosemwa. Mgeni wa Dar angeweza kudanganyika. Mimi sikudanganyika, nilijua.

Nikatoa fomu saba, nikaweka vema saba penye neno "ameelewa". Jina la Bi Mwantumu nililiandika la kwanza.

Bodaboda ilipokuwa inaondoka niligeuka nyuma kupunga mkono. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Wote saba walikuwa wameiinamia ile karatasi, mmoja ameweka kidole juu yake, mwingine anatikisa kichwa. Walikuwa wanaulizana. Nikamwambia kijana wa bodaboda aongeze mwendo.

Sendofu nilikwenda, na nikacheza.

Baada ya mavuno afisa ugani wa huko alipiga simu ofisini. Mzee Mhina amefariki. Bi Mwantumu alikuwa amekwenda Kerenge kwa binti yake aliyejifungua. Kabla ya kuondoka aliweka dawa kwenye mahindi yao, magunia sita, na magunia yenyewe yalikuwa chumba anacholala mzee. Watu wengi kule wanalala na mahindi yao, wanaogopa wezi. Hilo pia nililijua. Aliporudi siku ya pili alifungua mlango akamkuta mumewe hana uhai.

Nilikwenda msibani. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake, na Bi Mwantumu akanishika mkono, akanivuta karibu.

"Mwanangu, nilijitahidi," akasema. "Nilisoma pale pa hewa. Nikajua mnataka tuzibe, hewa isitoke, dawa ishike. Dirisha nikalisokomeza kanga yangu kuukuu. Chini ya mlango nikamwambia mzee asokomeze gunia akishaingia. Sikuacha hata ufa."



"Kosa ni langu," akaendelea. "Karatasi yenu nzuri. Mimi ndiye niliyesoma vibaya."

Pale pale ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Ya Rabi, alikuwa amenishika mkono! Nilimwambia, "Pole sana mama. Ni mipango ya Mungu." Nikamsingizia Mungu kazi yangu mwenyewe.

Kisha likaja baya zaidi. Wakubwa wa wilaya walikuja ofisini kuuliza kama wananchi walielekezwa. Bosi akaniambia nilete fomu. Nikazileta. Zikawekwa mezani zote saba na vema zake, ya Bi Mwantumu juu kabisa. Wakasoma, wakatikisa vichwa, wakaandika kwamba maelekezo yalitolewa na yalieleweka, ila familia haikuyazingatia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pili kutoka mlangoni, nikasaini mahudhurio.

Kwa hiyo hata kwenye maandishi ya serikali, mama yule ameandikwa kuwa ndiye mwenye kosa. Na mkono uliomwandika ni wangu.

Nilirudi Kang'ata kwenye arobaini. Jirani mmoja alileta ujumbe kwenye simu, akamwomba Bi Mwantumu amsomee. Akakataa. "Macho yangu yamekufa," akasema. Muda mfupi baadaye nilimwona anatunga uzi kwenye sindano bila shida yoyote, akashona kifungo cha shati la mjukuu. Wakaniambia tangu msiba hajasoma kitu, hata msahafu ameufunga kwenye kitambaa akauweka juu ya kabati. Anaogopa maandishi. Anasema yakipita kwake yanaua.

Niliacha kazi kabla mradi haujafungwa. Sasa nina meza kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Korogwe, nawachapia watu barua. Nilidhani nimeponyoka. Wapi! Mchana kweupe, mashine ya kopi ikinguruma, naisikia sauti ya Bi Mwantumu inasoma sentensi yangu, safi, bila kujikwaa, mpaka "hapo juu". Halafu makofi. Nikifika nyumbani nafungua madirisha yote, hata mvua ikinyesha, na mume wangu ananuna. Siwezi kuona kanga imesokomezwa mahali. Mwanangu akiulizwa na mwalimu wake "umeelewa?" akaitikia ndiyo, namuuliza mwenyewe atafanya nini.

Wiki hii nimemwandikia Bi Mwantumu barua. Sentensi tano, hakuna hata moja iliyozidi maneno kumi. Na safari hii nikaipima jinsi nilivyofundishwa. Nilimpelekea Mama Asha, anayeuza maandazi mbele ya duka letu. Aliishia darasa la nne. Sikumwambia barua ni ya nani wala aliyeiandika ni nani, ingawa mwishoni kuna jina langu. Nilisubiri asome kimya, nikaichukua.

"Mama Asha," nikamuuliza, "barua inasema nini?"

Alifuta unga mikononi kwanza.

"Inasema mzee alikufa kwa sababu karatasi iliandikwa vibaya. Aliyeiandika ni wewe. Huyu mama alisoma vizuri, hana kosa. Na inamwomba aanze tena kusoma."

Hakukosea hata kitu kimoja. Tangu nianze kazi ile, hakuna andiko langu lililoeleweka kiasi kile.

"Na huyo aliyeandikiwa angefanya nini?" nikauliza, kwa sababu ndivyo kipimo kinavyotaka.

Mama Asha aliiangalia ile barua mkononi mwangu. "Huyu mama si barua yenyewe inaonyesha ameacha kusoma? Sasa barua ya nini? Mbona wewe bado uko hapa?"

Nimeyaandika haya nikiwa stendi, nasubiri gari la Handeni. Sijui atanipokeaje. Huenda akanifukuza, na sitamlaumu. Huenda wanawe wakanipeleka polisi, na fomu zile nitawaeleza jinsi zilivyojazwa. Barua ninayo, lakini nitamwambia kwa mdomo wangu.

Wewe unayewaandikia watu, uwe mganga wa zahanati, mwalimu, mtendaji wa kata, au binti mwenye kompyuta kama nilivyokuwa mimi, nakuomba. Usijionyeshe kwenye karatasi ambayo mtu ataitegemea kwa uhai wake. Usiulize "mmeelewa?" kwa watu wenye adabu, watakuitikia tu. Muulize kila mmoja atafanya nini, kisha ufunge mdomo usikilize.

Na siku ukiwa unaondoka, ukageuka nyuma, ukawaona wameiinamia karatasi yako wanaulizana, mwambie dereva asimame. Shuka, rudi. Mimi sikurudi.