Mama Mkwe wa Kwenye Gemu

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwa kinyozi hapa Bagamoyo, nikiwahi nikaha ya mpwa wangu. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari pale kinyozi alipozima mashine ili abishane na mteja aliyekuwa akicheza gemu kwenye simu. Ndani ya gemu kuna mtu asiyejulikana: kajifunika uso, hasemi, humwachia shujaa chakula mlangoni, na wakikutana njiani humkwepa.

“Ni baba yake aliyepotea,” alisema mteja.

“Baba gani anamkwepa mwanawe? Yule ni mama mkwe wake!” alijibu kinyozi, bwana harusi wa juzijuzi.

“Acha zako, kaka! Gemu la Wazungu, ukwe wetu wa kukwepana wanaujulia wapi?”

“Jamani, kichwa changu,” nikakumbusha.

Ghafla kinyozi akachungulia nje, akachutama nyuma ya kiti changu. Mama mmoja alijivutia kanga usoni, akaacha hotipoti kwenye duka la jirani, akavuka barabara bila kutazama kwetu.

“Mkwe wako?” mteja akanong'ona.

“Keshapita?”

“Bado, anasalimiana hapo ng'ambo. Basi kaka, nimekubali.”

Salamu za pwani mnazijua. Muda wa nikaha ukafika kinyozi angali chini. Nikaenda na nusu yangu chini ya kofia, nikamnong'oneza mpwa wangu nasaha moja tu: ajizoeze kuchutama.