Defile ya Siku ya Mgao

Siku ile ya mgao haijanitoka moyoni, mwanangu. Umeniuliza kama kazi ya kupanga maonyesho ya mavazi inamlisha mtu. Ngoja nikueleze jinsi nilivyoiharibu yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mjuaji kuliko wote kwenye kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale. Nilikuwa nimepanga defile tatu, ndiyo maonyesho yetu ya mavazi, kanisani kule Juru, kwa vitenge vya kuazima na viatu vya kupokezana. Bwana mmoja wa hoteli ya mjini Mbarara akasikia habari zangu. Alitaka mtu wa kumpangia maonyesho kila mwezi, kwa mshahara. Akasema atakuja hapa kambini, upande wa Base Camp, Jumanne anione kazini. Jumanne, siku ya mgao wa chakula! Lakini tamaa ilinishika, sikumwomba hata abadilishe siku.

Kati ya wasichana walionivalia nguo na kutembea mbele ya watu, wa kutegemewa aliitwa Furaha. Mama yake alikuwa mgonjwa, kwa hiyo yeye ndiye aliyesimama foleni na kadi ya chakula. Nilimfuata hukohuko.

"Dada, tuko batu saba ku nyumba," akaniambia. "Nikitoka hapa, tutakula nini?"

"Twende tu. Batakungojea."

Nilijua wagawaji hawatamngojea. Dhambi yangu iko hapo, mwanangu: nilijua.

Defile ilipendeza, siwezi kukataa. Ilipokwisha Furaha akakimbilia ghalani, akarudi analia, gunia tupu mkononi. Wenzake wote walimwona. Yule bwana, ambaye hakuelewa kitu, akawauliza kwa uchangamfu nani atakwenda kufanya kazi nami Mbarara. Wakatazama chini. Hata mmoja hakunyoosha mkono. Bwana akaniaga kwa adabu, na hakurudi tena.

Mama Sifa, fundi wa nguo aliyenilea katika kazi hii, hakunipigia kelele. Alisema tu, "Kuvalisha batu unajua mingi. Kubachunga, hapana."

Ee Mungu wangu, nililia! Wahenga husema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, wakala watu wasio na kosa. Nilimpelekea mama yake Furaha nusu ya mahindi yetu. Akapokea, akasema asante, na asante ile iliniuma kuliko tusi. Ilipita miaka miwili kabla msichana yeyote hajakubali tena nimwite.

Kwa hiyo kazi ipo, mwanangu, nisikudanganye. Hoteli, makanisa, wenye maduka ya vitenge, wote wanatafuta mtu wa kuwapangia. Ila kuitwa mara moja ni rahisi. Kazi ni watu kukubali kukufuata mara ya pili. Usianze kwa kuuliza nguo ziko wapi. Muulize msichana wako kama amekula, na kama nyumbani kwao wamekula. Akikuambia leo hawezi, mwamini, hata kama tajiri amekaa anakusubiri.

Nenda Mbarara, mwanangu. Mungu akupe kazi, na asikuache uipate kwa njaa ya mtoto wa mwenzio.